Undugu na Ukweli: Uhakiki wa Sanaa ya Paul Robeson na Wachimba Makaa wa Wales

Utangulizi

Ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU, ambayo CCM iliirithi mwaka 1977, hutamka kwamba binadamu wote ni ndugu na kwamba Afrika ni moja. Ahadi nyingine katika orodha hiyo hiyo humtaka mwanachama aseme kweli daima na aihesabu fitina kuwa ni mwiko. Mara nyingi ahadi hizi mbili husomwa mbalimbali: ya kwanza huonekana kuwa ni ya siasa ya nje, na ya pili kuwa ni ya tabia ya mtu binafsi. Katika makala haya tunataka kuonyesha kwamba ahadi hizi hutegemeana. Undugu wa mataifa usiovumilia ukweli hugeuka kuwa kipaza sauti cha wenye madaraka. Na ukweli usio na undugu hugeuka kuwa silaha ya wachonganishi. Tutalionyesha jambo hilo kwa kuhakiki kazi za msanii mmoja ambaye maisha yake yote yalisagwa kati ya mawe mawili ya dunia iliyogawanyika.

Tangu kumalizika kwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia mwaka 1945 hadi Umoja wa Kisovieti uliposambaratika mwaka 1991, mataifa makubwa yaligawana dunia katika kambi mbili. Kila kambi ilikuwa na mabomu yake, na kila kambi ilikuwa na nyimbo zake za urafiki. Neno "urafiki" likafanywa mali ya serikali: likaandikwa kwenye mabango, likachongwa kwenye medali, likasomwa kwenye hotuba za viwanja vya ndege. Kambi zile hazipo tena kwa sura ile, lakini mgawanyiko haujatoweka. Nchi zingali zinawekewa vikwazo na nchi nyingine, na msanii wa nchi maskini angali anazuiwa mpakani kwa sababu tu ya jalada la pasipoti yake. Kwa hiyo swali letu si la historia peke yake. Je, mhakiki atatofautishaje urafiki wa kweli ndani ya kazi ya sanaa na urafiki wa bango?

Tunapendekeza maswali matatu. La kwanza: katika kazi hiyo, ni nani anayefanya kazi na ni nani anayetoa amri? La pili: ni nani anayelipa gharama ya urafiki huo? Wahenga walikwisha kutuachia kipimo hiki waliposema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. La tatu: je, marafiki hao wanaweza kuambiana kweli?

Msanii tunayemzungumzia ni Paul Robeson. Alizaliwa tarehe 9 Aprili, 1898, katika mji wa Princeton, jimbo la New Jersey, Marekani. Baba yake alizaliwa mtumwa katika North Carolina, akatoroka utumwani akiwa kijana, na baadaye akawa mchungaji wa kanisa. Mwana alisoma sheria, akaiacha kazi hiyo kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, akawa mwimbaji na mwigizaji mwenye sauti nzito iliyojulikana mabara yote. Mwaka 1933 na 1934, akiwa London, alijiandikisha katika chuo cha lugha za mashariki na Afrika akajifunza lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwa mojawapo. Hakufanya hivyo kwa mapambo. Alitaka kuirudia asili ambayo utumwa ulimnyang'anya.

Urafiki wa Bwana na Mtwana

Tuanze na kazi mbaya, kwa kuwa kazi mbaya hufundisha upesi. Mwaka 1935 ilitolewa huko Uingereza filamu iitwayo Sanders of the River, iliyoongozwa na Zoltan Korda. Robeson aliigiza humo kama Bosambo, mkimbizi wa gereza anayefanywa mtemi na afisa wa kikoloni aitwaye Sanders. Sanders anapokwenda likizo, makabila yanaanza kupigana. Anaporudi, amani inarudi. Na mwisho Bosambo anapewa cheo kikubwa zaidi kuwa malipo ya utii wake. Filamu inafunguliwa kwa maneno ya kuwasifu Wazungu wachache wanaolinda amani ya Mfalme.

Tukitazama fani, filamu hii haikukosa uhodari. Picha za ngoma na mitumbwi zilizopigwa Afrika zilichanganywa kwa ustadi na picha za kijiji cha kubuni kilichojengwa Uingereza. Robeson alivutwa na hilo hasa: aliamini kwamba utamaduni wa Mwafrika ungeonyeshwa kwa heshima kwenye sinema za dunia. Lakini ngoma za kweli, nyuso za kweli na sauti ya kweli zilitumiwa kuvika nguo uongo mmoja mkubwa, yaani kwamba Mwafrika hawezi kujitawala hata kwa muda wa likizo ya bwana shauri. Hapa ndipo makada wetu wa utamaduni wanapopaswa kuwa macho. Ngoma ya jadi si mkombozi kwa kuwa ni ya jadi. Yategemea inachezwa katika hadithi ya nani.

Sasa tutumie vipimo vyetu. Nani anatoa amri? Sanders. Nani analipa gharama? Watawaliwa, kwa damu yao na kwa ardhi yao. Je, Bosambo anaweza kumwambia Sanders kweli? Hawezi, uhusiano wao wote umejengwa juu ya kumpamba bwana kwa maneno matamu. Filamu inauita uhusiano huo urafiki. Sisi tunauita ukoloni wenye tabasamu.

Miongoni mwa Waafrika walioajiriwa kujaza idadi ya watu katika filamu hiyo alikuwamo Jomo Kenyatta, aliyekuwa London wakati huo akitafuta riziki na kutetea madai ya Wagikuyu kuhusu ardhi. Mtu aliyeingojea serikali ya kikoloni impe jibu kuhusu ardhi iliyoporwa alilipwa ujira wa kutwa ili asimame nyuma ya filamu inayousifu ukoloni huo huo. Hatulisemi hili kwa kumkebehi. Tunalisema ili msomaji aone jinsi njaa ya mnyonge inavyoweza kununuliwa na kugeuzwa ushahidi dhidi yake. Robeson naye baadaye aliikana filamu hiyo hadharani, na mwaka 1942, baada ya filamu nyingine iliyomdhalilisha mtu mweusi, alitangaza kuachana na Hollywood.

Mgeni Mpe Jembe

Mwishoni mwa miaka ya 1920, Robeson alipokuwa akiigiza katika mchezo wa Show Boat huko London, alikutana barabarani na kundi la wachimba makaa ya mawe wa Wales. Walikuwa wametembea kwa miguu kutoka mabonde yao hadi mji mkuu kudai kazi na chakula, na walikuwa wakiimba. Robeson akajiunga nao, akaimba pamoja nao, na akawasaidia kupata chakula na nauli ya kurudi kwao. Mwezi Septemba 1934 mgodi wa Gresford, kaskazini mwa Wales, ulilipuka na watu 266 wakafa. Robeson alikuwa akiimba mjini Caernarfon siku zile. Malipo yake aliyatoa kwa familia za waliofiwa. Tarehe 7 Desemba, 1938, alisimama katika mji wa Mountain Ash, mbele ya watu wapatao 7,000, kuwakumbuka watu wa Wales 33 waliokufa Hispania wakipigana na mafashisti. Yeye mwenyewe alikuwa amekwenda Hispania mapema mwaka huo kuwaimbia wapiganaji.

Kwa hiyo filamu ya The Proud Valley, iliyotolewa mwaka 1940 chini ya uongozi wa Pen Tennyson, haikutoka katika kichwa cha mfanyabiashara. Ilitokana na uhusiano uliokuwa umekwisha kujengwa kwa miaka kumi. Robeson mwenyewe aliihesabu kuwa filamu ya kujivunia katika filamu zake.

Hadithi ni hii. David Goliath, baharia mweusi asiye na kazi, anafika katika bonde la wachimba makaa. Kwaya ya wachimbaji inafanya mazoezi ndani ya jumba. Yeye yuko nje, barabarani. Anaunga sauti yake. Kiongozi wa kwaya, Dick Parry, anaisikia, anamtafuta, anampa malazi nyumbani kwake na kumwombea kazi mgodini. Baadhi ya wachimbaji wanakataa kufanya kazi na mtu mweusi. Parry anawajibu kwa hoja ya ajabu na rahisi: huko chini shimoni, wote ni weusi. Baadaye mlipuko unamwua Parry, mgodi unafungwa, njaa inaingia mabondeni, na vijana, wakiongozwa na Emlyn mwana wa Parry, wanatembea hadi London kudai mgodi ufunguliwe.

Tukiupima urafiki huu, tofauti na Bosambo inaonekana mara moja. Goliath hapewi cheo, anapewa sururu. Mwalimu Nyerere, katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962, alikumbusha methali yetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wako wanaoifasiri methali hiyo kama ukali kwa mgeni. Kwa kweli ni heshima kubwa kuliko zote anazoweza kupewa mgeni. Anayekaa barazani akiletewa chai atabaki mgeni hadi aondoke. Aliyepewa jembe amekwisha kuhesabiwa mwenyeji. The Proud Valley inaielewa kanuni hii. Wachimbaji wanamwita Goliath mwenzao baada ya kufanya naye kazi, si baada ya kusikia hotuba juu ya usawa.

Hata hivyo uhakiki usiishie kwenye sifa. Filamu ina kasoro mbili, na zote mbili zinahusu gharama.

Kasoro ya kwanza imo katika mwisho wa Goliath. Wachimbaji wananaswa chini ya ardhi, hewa inakwisha, lazima mtu mmoja awashe baruti kupasua njia, na huyo atakufa. Wanapiga kura, kura inamwangukia Emlyn. Goliath anampiga ngumi Emlyn, anazirai, na yeye Goliath anakwenda kufa badala yake. Tukio hili linagusa moyo, na ndiyo sababu lafaa kuhojiwa. Kwa nini mtu mweusi peke yake ndiye anayelipa deni la ukarimu kwa uhai wake? Emlyn anarudi juu, anaoa, anaishi. Goliath, ambaye katika filamu nzima hakupewa mke, wala nyumba yake, wala shauri lake binafsi, anapewa kifo cha kishujaa. Filamu ilithubutu kumwonyesha mtu mweusi akila meza moja na Wazungu. Haikuthubutu kumwonyesha akizeeka miongoni mwao.

Kasoro ya pili imo katika mwisho wa mgodi. Hadithi ilivyotungwa mwanzoni na Herbert Marshall na mkewe Fredda Brilliant, wachimbaji walikusudiwa kuufungua mgodi na kuuendesha wenyewe. Vita ilipozuka Septemba 1939, mwisho huo ulibadilishwa. Katika filamu tunayoiona, wachimbaji wanawasihi wenye mgodi waufungue kwa manufaa ya vita, na wenye mgodi wanakubali. Swali la nani amiliki njia ya uzalishaji limefukiwa pamoja na Goliath. Mwisho wa kwanza haukuhitaji shahidi wa kujitoa mhanga, kwa maana tabaka zima lingebeba mzigo. Mwisho wa pili ulihitaji mtu mmoja wa kufa ili watazamaji walie na wasiulize. Mara nyingi katika sanaa ya mabepari machozi hufanya kazi hii: hujaza nafasi iliyoachwa na swali lililoondolewa.

Sauti Iliyovuka Bahari

Kazi ya tatu tunayoihakiki si filamu wala mchezo wa kuigiza. Ni tamasha la simu.

Mwaka 1950 serikali ya Marekani ilimnyang'anya Robeson pasipoti. Sababu zilizotolewa zilihusu itikadi yake na urafiki wake na Umoja wa Kisovieti. Lakini katika maelezo yake mahakamani Wizara ya Mambo ya Nje ilitaja pia kwamba kwa miaka mingi alikuwa mtetezi wa uhuru wa watu wa makoloni ya Afrika. Hilo lilikuwa kweli. Alikuwa mwenyekiti wa Council on African Affairs, chama kilichochangisha chakula kwa ajili ya Waafrika Kusini waliokumbwa na njaa mwaka 1946, na kilichounga mkono kampeni ya kuzivunja sheria za ubaguzi huko mwaka 1952. Kwa hiyo sisi Waafrika hatuna budi kuelewa kwamba sehemu ya gharama aliyolipa aliilipa kwa ajili yetu. Kumbi zilifungwa, santuri zake ziliondolewa madukani, mapato yake yakaporomoka.

Tarehe 31 Januari, 1952, alizuiwa mpakani Blaine alipokuwa akienda Vancouver, Kanada, kwenye mkutano wa chama cha wachimba madini, ingawa Mmarekani wa kawaida hakuhitaji pasipoti kuvuka mpaka huo. Akaimba kwa simu, na wajumbe wakamsikiliza ukumbini. Chama hicho hakikuridhika. Tarehe 18 Mei mwaka huo kiliandaa tamasha kwenye bustani ya mpakani. Robeson akapanda juu ya lori upande wa Marekani, na maelfu ya watu wakasikiliza kutoka pande zote mbili. Tamasha hilo likarudiwa kila mwaka hadi 1955.

Kisha ukaja mwaka 1957. Waya wa simu uliolazwa chini ya bahari ya Atlantiki ulikuwa umeanza kutumika mwaka uliotangulia. Tarehe 26 Mei Robeson aliimba kutoka New York, akasikika katika ukumbi wa St Pancras, London. Tarehe 5 Oktoba aliimba tena, safari hii kwa ajili ya wachimba makaa wa Wales Kusini waliokusanyika Porthcawl katika tamasha lao la kila mwaka. Watu wapatao 5,000 walikuwa ukumbini. Rais wa chama chao, Will Paynter, alimsalimu kwa niaba yao. Robeson akajibu na kuimba. Kisha kwaya ya wanaume ya Treorchy ikamwimbia yeye, na mwisho ukumbi mzima ukaimba ili asikie. Tamasha hilo lilirekodiwa, na leo laweza kusikilizwa.

Tulihakiki kwa vipimo vile vile. Fani ya kazi hii iliamuliwa na dhuluma. Jukwaa halikuwa na mtu. Palikuwa na vipaza sauti tu. Serikali ilikusudia kumfanya msanii asiwepo. Wachimbaji wakalifanya pengo hilo kuwa sehemu ya kazi ya sanaa: kila aliyesikia sauti nzito ikitoka mahali pasipo na mtu alielewa, bila kuelezwa, maana ya kunyang'anywa haki ya kusafiri. Mwaka 1940 Goliath alikuwa barabarani na kwaya ndani ya jumba. Mwaka 1957 yeye alifungiwa ndani ya nchi yake, na kwaya ndiyo iliyompelekea sauti kuvuka bahari. Hapa mkopo wa The Proud Valley unalipwa. Katika filamu mtu mweusi anakufa kwa ajili ya wachimbaji; Porthcawl wachimbaji wanasimama kwa ajili ya mtu mweusi aliye hai, na wanaidai haki yake kwa jina la chama chao.

Jambo la pili ni kwamba tamasha hili halikuletwa na hisia tupu. Liliandaliwa na chama cha wafanyakazi chenye uongozi, fedha na kumbukumbu. Wachimbaji walilipia njia ya simu kwa michango ya watu wanaoshuka shimoni. Mabepari hupenda kutuambia kwamba muziki ni lugha ya dunia nzima na kwamba unaunganisha mioyo wenyewe. Kama ni hivyo, sauti ile ile ya Robeson katika Sanders of the River mbona haikumkomboa mtu? Robeson mwenyewe, katika miaka hiyo ya kuzuiwa, alichunguza sana nyimbo za mataifa mbalimbali na kuona kwamba nyingi zimejengwa juu ya ngazi ya sauti tano. Alitaka kuthibitisha udugu wa watu kwa njia ya muziki. Utafiti huo una thamani. Lakini kufanana kwa nyimbo ni udongo tu; nyumba hujengwa na watu. Watu wa Wales hawakumpenda Robeson kwa sababu ngazi ya sauti zao inafanana na ya watumwa wa Marekani. Walimpenda kwa sababu mwaka 1934 alitoa malipo yake kwa wajane wa Gresford.

Robeson alilijua jambo hili katika fani pia. Wimbo uliompa jina, Ol' Man River wa mchezo wa Show Boat, ulikuwa na maneno ya mtu aliyechoka na kuukubali mzigo wake. Katika miaka ya 1930 aliyabadili maneno yale, akaufanya mwisho wa wimbo kuwa wa mtu anayeendelea kupambana. Sauti ilibaki ile ile, msimamo ukabadilika. Tunawaomba watunzi wetu wazingatie mfano huu kabla ya kuamini kwamba maudhui mapya lazima yasubiri ala mpya.

Tarehe 16 Juni, 1958, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika shauri la mtu mwingine kwamba Wizara haikuwa na mamlaka ya kumnyima raia pasipoti kwa sababu ya itikadi yake. Robeson akapata pasipoti, na mwezi Agosti mwaka huo akasimama kwenye Eisteddfod ya Taifa ya Wales mjini Ebbw Vale, safari hii mwenyewe, kwa miguu yake.

Wimbo wa Moscow

Tungeishia hapo, makala haya yangekuwa bango. Linabaki swali la tatu: je, marafiki wanaweza kuambiana kweli?

Mwezi Juni 1949 Robeson alikwenda Moscow. Alikuwa na rafiki wawili wa zamani huko, wote Wayahudi: mwigizaji Solomon Mikhoels na mshairi Itzik Feffer. Mikhoels alikuwa ameuawa Januari 1948 kwa amri ya utawala wa Stalin, kifo chake kikatangazwa kuwa ajali. Feffer alikuwa kizuizini. Robeson aliomba kumwona, na Feffer akaletwa hotelini. Kwa masimulizi ya mwanawe Robeson, Feffer alijua kwamba chumba kinasikilizwa. Kwa ishara na kwa vikaratasi akamfahamisha rafiki yake kwamba Mikhoels aliuawa na kwamba yeye mwenyewe hana matumaini ya kuishi.

Katika tamasha lake la mwisho mjini humo, Robeson alizungumza jukwaani juu ya urafiki wake na watu hao wawili. Kisha akaimba, kwa lugha ya Kiyidishi, wimbo wa wapiganaji wa Kiyahudi uliotungwa mwaka 1943 katika geto la Vilna. Katika ukumbi ule, mwaka ule, tendo hilo lilihitaji ujasiri. Tunalihesabu miongoni mwa matendo makubwa ya sanaa ya mshikamano katika karne ya ishirini: msanii mgeni, katika nchi aliyoipenda, aliwataja kwa majina watu ambao wakubwa wa nchi hiyo walitaka wasahauliwe.

Lakini aliporudi Marekani, akiulizwa na waandishi wa habari kuhusu mateso ya Wayahudi katika Umoja wa Kisovieti, alikana. Tarehe 12 Agosti, 1952, Feffer alipigwa risasi pamoja na wenzake. Mwezi Desemba mwaka huo huo Robeson alitunukiwa nishani ya amani yenye jina la Stalin, akaipokea.

Sababu za kunyamaza kwake zinaeleweka. Alirudi katika nchi ambayo mwezi Agosti na Septemba 1949 makundi ya wabaguzi yaliwashambulia kwa mawe watu waliokwenda kumsikiliza karibu na Peekskill, jimbo la New York. Waliomwuliza habari za Wayahudi wa Moscow wengi wao hawakuwahi kuuliza habari za watu weusi walionyongwa na makundi huko Mississippi. Alihofia kwamba neno lake lingekuwa kuni katika moto wa vita mpya. Mtu asiyepata kusimama katika njia panda kama hiyo asiwe mwepesi wa kurusha jiwe.

Hata hivyo kuelewa si kuhalalisha. Adui akisema uongo mara mia juu ya rafiki yako, haifuati kwamba neno lake la mia na moja nalo ni uongo. Robeson alichanganya urafiki na watu wa Kisovieti, ambao walimpokea kama binadamu kamili wakati nchi yake ilimnyima hata chumba cha hoteli, na urafiki na dola yao. Feffer alikuwa mtu wa Kisovieti. Kumtetea Feffer kusingekuwa kuwasaliti watu wale, kungekuwa kuwatetea. Ajabu ni kwamba wimbo wa ukumbini ulilijua jambo hilo. Sanaa yake ilisema kweli, na siasa yake ikaikana sanaa yake.

Wako watakaotwambia kwamba mhakiki anapima kazi tu, na kwamba maisha ya msanii ni mambo yake binafsi. Hatukubaliani nao. Porthcawl ilikuwa kazi kubwa kwa sababu maisha yalikuwa nyuma yake. Hatuwezi kuyahesabu maisha yanapoipa kazi uzito na kuyaacha nje yanapouliza swali.

Hitimisho

Tunapata mafunzo matatu.

Kwanza, kwa msanii. Urafiki wa mataifa hauonyeshwi kwa kupanga watu wa rangi mbalimbali katika mstari mmoja wakitabasamu. Onyesha wanafanya kazi gani pamoja, nani anaamua, nani analipa. Mtunzi anayekwepa maswali hayo atamrudia Bosambo hata kama amemvika kombati za mpiganaji.

Pili, kwa Chama na jumuiya zake. Mshikamano huandaliwa. Nchi yetu ina historia yake katika jambo hili. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963 hadi kazi yake ilipokamilika mwaka 1994, na wapiganaji wa Kusini walipokewa Kongwa, Mazimbu na kwingineko. Tunazo nyimbo nyingi za kuusifu ukombozi huo na viongozi wake. Tunachokihitaji zaidi ni riwaya, tamthiliya na filamu zinazomweka katikati mwanakijiji wa Mazimbu aliyegawana maji na ardhi na mgeni, na mkazi wa kando ya Ruvuma aliyeishi jirani na vita vya Msumbiji kwa miaka kumi. Kazi hizo zisiogope kuonyesha magomvi, wivu na mashaka yaliyokuwamo, kwa maana urafiki usio na magomvi haujafanya kazi pamoja.

Tatu, kwa uhakiki wenyewe. Kada anaposoma kazi inayosifu urafiki wetu na nchi yoyote, kubwa au ndogo, ya mashariki au ya magharibi, na aulize: katika kazi hii, Feffer yuko wapi? Ni nani ambaye hakutajwa ili urafiki huu upendeze? Kuuliza hivyo si fitina. Fitina husemwa pembeni kwa nia ya kubomoa, ambapo kweli ya rafiki husemwa usoni kwa nia ya kujenga. Robeson alifariki tarehe 23 Januari, 1976, akiwa ametuachia mfano wa sanaa iliyovuka mpaka uliofungwa na serikali. Mpaka mwingine, ule unaowekwa na woga wa kumkosoa rafiki, aliuvuka usiku mmoja tu ukumbini Moscow. Kazi ya kuuvuka kila siku imebaki kwetu.